Canterbury: Ni Nani Akaaye Katikati ya Mji?

Hakuna mwanafunzi aliyesoma historia ya Kanisa katika shule ya misioni asiyelijua jina la Canterbury. Sisi tulilisikia tungali wadogo, tumebanana watano katika benchi moja, mwalimu akituchorea ubaoni kisiwa cha Uingereza ambacho, kwa mkono wake, kilifanana zaidi na mhogo kuliko na kisiwa. Alitufundisha kwamba Baba Mtakatifu Gregori Mkuu alimtuma mtawa mmoja wa Roma, jina lake Augustino, pamoja na wenzake wapata 40, wakawahubirie Waingereza Injili. Nao wakafika katika nchi ya Kent mwaka 597. Akatuambia na neno jingine, ambalo lilitushangaza kupita yote. Beda Mheshimiwa, mtawa aliyemaliza kuandika historia ya Kanisa la Waingereza mwaka 731, asimulia yale aliyoyapokea kwa wazee: ya kuwa Gregori, kabla hajachaguliwa kuwa Papa, aliwaona sokoni Roma vijana weupe wenye nywele nzuri wakiuzwa kama watumwa, akauliza ni watu wa kabila gani, akajibiwa kwamba ni Waangli. Tuliposikia hayo tulicheka. Wazungu kuuzwa sokoni? Mwalimu wetu hakucheka. Alituambia tuandike.

Basi, mwaka huu, mwezi wa saba, tulijaliwa kuufikia mji huo. Kutoka London ni safari ya kilomita 90 hivi upande wa mashariki, na gari la moshi lenda mbio hata safari yaisha kwa muda wa saa moja. Mji wenyewe si mkubwa. Watu wake wapata 55,000, hata ukiulinganisha na Bukavu au Lubumbashi waonekana kama kata moja tu. Hatukwenda kule kuandika habari za maduka. Tulikwenda kusali mahali walipopita watakatifu. Lakini macho huona hata yasiyotafutwa, na tuliyoyaona katikati ya mji ule yametukaa moyoni tangu siku ile.

Tukishuka katika stesheni ya magharibi, hatukuelekea mjini mara moja. Tulipanda kwanza hatua chache hadi kanisa la Mtakatifu Dunstan. Hapo, katika kaburi la ukoo wa Roper, yaaminiwa kwamba kimewekwa kichwa cha Mtakatifu Thomas More, waziri mkuu wa sheria wa mfalme, aliyekatwa kichwa mwaka 1535 kwa sababu hakukubali mfalme ajifanye mkuu wa Kanisa. Margaret, binti yake aliyeolewa na Roper, ndiye aliyekiokoa kichwa cha baba yake. Na katika kanisa hilohilo, mwaka 1174, Mfalme Henry wa Pili alivua viatu, akaenda miguu mitupu mpaka kanisa kuu ili kufanya kitubio. Mambo ya mfalme huyo tutayaeleza hapa chini. Tulipokuwa tukirudi kwa njia ile tulitazama viatu vyetu, tukaona haya kidogo.

Mji wa kale umezungukwa na ukuta uliojengwa na Warumi katika karne ya tatu, ukajengwa tena na watu wa zama za kati. Sehemu kubwa ya ukuta huo ingali imesimama. Watu huingia kwa Lango la Magharibi, minara miwili ya mawe iliyosimamishwa karibu mwaka 1380, ambayo baadaye ilikuwa gereza kwa karne nyingi. Ukilipita lango unaingia katika njia kuu ya mji. Njia hiyo yabadili jina kabla haijafika mwisho: kwanza St Peter's Street, kisha High Street, kisha St George's Street. Hiyo ndiyo katikati ya mji, na sehemu yake kubwa ni ya watu waendao kwa miguu.

Siku ile ilikuwa Jumamosi, na watu walijaa njiani. Walikuwako watoto wa shule kutoka Ufaransa, wamevaa kofia za rangi moja wasipotee. Walikuwako vijana wa vyuo, maana mji una vyuo vikuu viwili, kimoja kilichoanzishwa mwaka 1962 kuwa chuo cha walimu, na kingine mwaka 1965. Walikuwako watalii wenye kupiga picha kila jiwe. Mtu aliyefika saa ile angesema: mji huu una heri. Nasi tulisema hivyo.

Lakini tulipoendelea tulianza kuhesabu. Hapa kahawa, pale kahawa, na pale tena kahawa. Hapa simu, pale kinyozi. Hapa duka moja kati ya yale ambayo Waingereza huyaita maduka ya huruma, ambamo wanawake wazee huuza bila mshahara nguo zilizokwisha valiwa, na faida yake huenda kwa wagonjwa au maskini. (Ndugu wasomaji, nguo zisizopata mnunuzi katika maduka hayo, nyingi hufungwa katika marobota na kusafirishwa nchi za nje, huenda shati la mitumba ulilolivaa leo lilikaa kwanza katika dirisha kama lile.) Na baina ya hayo, maduka yaliyofungwa: vioo vimebandikwa karatasi kwa ndani, barua zimerundikana nyuma ya mlango, na juu yake ubao wa wakala utangazao kwamba mahali hapa panapangishwa. Katika Guildhall Street tulioneshwa jengo kubwa lililokuwa duka la Debenhams. Duka hilo la Canterbury lilifungwa mwanzoni mwa mwaka 2020, na mwaka 2021 kampuni ilifunga maduka yake yote ya Uingereza. Hatua chache kutoka pale lilikuwako duka jingine kubwa, liitwalo Nasons, la wenyeji wenyewe. Nalo lilikwisha kufungwa mwaka 2018.

Tuliuliza sababu, tukapewa nyingi: kodi ya majengo, pango, ule ugonjwa wa korona uliowafungia watu majumbani. Lakini sababu iliyotajwa na kila mtu ni ile ndogo ikaayo mfukoni. Mwaka 2007, katika kila pauni 100 ambazo Waingereza walitumia madukani, zile zilizopitia intaneti hazikufika 5. Siku hizi zapita 25. Mtu hununua kwa kidole akiwa kitandani, na kesho yake kijana wa gari huleta sanduku mlangoni. Duka la njiani labaki na nini?

Tusimlaumu mtu upesi. Canterbury ulikwisha kupoteza katikati yake mara mbili kabla ya hapo, na mara hizo hapakuwa na kidole, palikuwa na moto na shoka.

Mara ya kwanza yatokana na mauti ya mtu mmoja. Thomas Becket alikuwa rafiki wa Mfalme Henry wa Pili na waziri wake. Mfalme akataka awe Askofu Mkuu wa Canterbury, akidhani kwamba kwa njia hiyo Kanisa litakuwa mkononi mwake. Alijidanganya. Alipokwisha kuwekwa wakfu, Thomas alizilinda haki za Kanisa mbele ya mfalme yuleyule aliyempandisha cheo. Tarehe 29 Desemba 1170, jioni, mashujaa wanne wa mfalme waliingia kanisani na kumwua kwa panga. Habari zilienea Ulaya yote. Mwaka 1173 Papa Aleksanda wa Tatu alimtangaza kuwa mtakatifu, na mwaka uliofuata ndipo mfalme alipokuja miguu mitupu, akakubali kupigwa viboko na watawa. Mwaka 1220 masalia ya mfiadini yaliwekwa katika kaburi la fahari nyuma ya altare kuu.

Toka hapo mji mzima uligeuka. Mahujaji walifika kutoka nchi zote za Ulaya, matajiri kwa farasi na maskini kwa fimbo, na mji ukaishi kwa ajili yao. Mwishoni mwa karne ya 14 watawa wa kanisa kuu walijenga nyumba kubwa ya wageni pembeni ya kichochoro kiitwacho Mercery Lane. Katika kichochoro hicho, kilicho chembamba hata majumba ya pande mbili yakaribia kugusana juu, waliuza beji za risasi zenye sura ya mtakatifu na vichupa vidogo vya maji yake. Msije mkadhani kwamba biashara katikati ya mji ni jambo la siku hizi. Biashara ilizaliwa pale pamoja na sala, na nyakati nyingine yatubidi kukiri kwamba iliinua sauti kuipita sala.

Mwaka 1538 Mfalme Henry wa Nane, ambaye alikuwa amejitenga na Roma, aliamuru kaburi la Mtakatifu Thomas libomolewe. Dhahabu na vito vyake vilichukuliwa kwenye hazina ya mfalme. Mwaka huohuo ilifungwa abasia ya Mtakatifu Augustino, iliyo nje ya ukuta, na mawe yake yakaanza kuhamishwa kujengea mahali pengine. Leo yaonekana hasa misingi katika majani mabichi. Mahujaji hawakuja tena. Fikirini, ninyi wenye maduka, siku ambayo wateja wote wa mji huondolewa kwa amri moja.

Tuliingia katika kanisa kuu kwa Lango la Kristu, ambalo sanamu yake ya kale ilivunjwa na Wapuritani katika karne ya 17, na mpya ikawekwa mwaka 1990. Kanisa hilo ni la Waanglikana tangu wakati wa mageuzi yale. Mtalii hulipa kiingilio. Ajaye kusali halipi. Tulisema kwamba twaja kusali, na mlinzi mwenye mvi akatupisha kwa heshima, wala hakutuuliza dini yetu. Mahali alipouawa mfiadini, tarehe 29 Mei 1982, Papa Yohane Paulo wa Pili alipiga magoti pamoja na Askofu Mkuu Robert Runcie, wakasali kimya. Na mahali lilipokuwa kaburi la fahari hapana kitu ila sakafu tupu na mshumaa mmoja uwakao. Tumekwisha kuona makanisa yenye mapambo mengi, lakini hatukumbuki mahali palipotuvuta kusali kuliko sakafu ile isiyo na kitu.

Tuliposhuka katika kanisa la chini ya ardhi tulikuta jambo ambalo hatukulitazamia: tangazo la ibada ya Kifaransa! Katika karne ya 16 Waprotestanti Wawaloni, watu wa nchi ambazo leo ni Ubelgiji na kaskazini ya Ufaransa, walikimbilia Uingereza kwa sababu ya mateso ya dini. Wengi wao walikuwa wafumaji wa vitambaa. Walipewa mahali pa kusali chini ya kanisa kuu, na mpaka leo ibada ya Kifaransa yaendelea katika kikanisa kimoja cha huko. Sisi Wakongo, ambao Kifaransa tulikipokea kwa Wabelgiji, tulisimama mbele ya karatasi ile kama mtu aliyekutana na shemeji yake ugenini. Wafumaji hao, waliofika bila kitu, ndio walioupa mji kazi mpya baada ya mahujaji kutoweka.

Mara ya pili ni ya vita. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Juni 1942 ndege za Wajerumani zilikuja kulipiza kisasi cha mji wa Köln, ambao Waingereza walikuwa wameupiga usiku mmoja kabla. Walinzi walipanda juu ya paa la kanisa kuu, wakazitupa chini kwa mikono bomu za moto kabla hazijashika, kanisa likapona. Lakini upande wa mashariki wa njia kuu, St George's Street, uliteketea karibu wote. Kanisa la Mtakatifu George, ambamo mwandishi wa tamthilia Christopher Marlowe alibatizwa mwaka 1564, liliungua, ukabaki mnara na saa yake. Mnara huo wasimama peke yake mpaka leo, watu wapita chini yake wakiwa wamebeba mifuko. Moto ule pia ulifunua yaliyozikwa: chini ya majumba yaliyobomoka ilipatikana sakafu ya nyumba ya Kirumi, ya vijiwe vya rangi, nayo yaoneshwa leo katika jumba la makumbusho lililo chini ya mtaa.

Baada ya vita sehemu hiyo ilijengwa upya kwa haraka na kwa zege. Wenyeji wengi hawakulipenda jengo la maduka lililosimamishwa pale, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 lilibomolewa; wataalamu wa mambo ya kale wakachimba kwanza, kisha likajengwa jipya, lililokamilika mwaka 2005. Jina lake ni Whitefriars, maana yake Watawa Weupe. Msomaji wa Kongo atafikiri mara moja juu ya Mapadri Weupe. Sivyo. Hapo palikuwa na konventi ya watawa wa shirika la Mtakatifu Augustino. Na hapa wanafunzi waangalie vizuri, maana Augustino ni wawili: yule wa Hippo, Mwafrika, mwalimu wa Kanisa, ambaye shirika hili lafuata kanuni yake, na yule mtawa wa Roma aliyetumwa Canterbury, aliyeishi karibu miaka 200 baadaye.

Mmoja wa watawa wa konventi ile alikuwa Padri John Stone. Wakati wenziwe walipotia sahihi kwamba mfalme ni mkuu wa Kanisa, yeye alikataa. Alifungwa, akahukumiwa, na mwaka 1539 akanyongwa katika kilima cha Dane John, ndani ya ukuta wa mji. Papa Paulo wa Sita alimtangaza mtakatifu mwaka 1970 pamoja na wafiadini wengine 39 wa Uingereza na Wales. Tuliketi katika benchi moja la Whitefriars, mbele yetu duka la viatu, nyuma yetu duka la simu. Tulimuuliza kijana aliyeketi karibu nasi, akila viazi vya kukaanga, kama alimjua mtakatifu wa mahali pale. Alifikiri, akatuelekeza kwa upole mkubwa dukani mwa vitabu.

Jioni ile, tukiwa wageni wa nyumba ya mapadri, tulianza kuandika makala haya kwa namna nyingine. Tuliandika kwamba Waingereza walimtoa mtakatifu wakaweka duka, na sasa duka nalo limekufa, wakabaki mikono mitupu. Sentensi zilikuja kwa urahisi sana. Labda hilo lingetosha kututia shaka. Kesho yake ikawa Dominika.

Kanisa Katoliki la mji limo katika mtaa wa Burgate, karibu na ukuta wa kanisa kuu. Lilifunguliwa mwaka 1875 na lina jina la Mtakatifu Thomas wa Canterbury, na ndani yake yahifadhiwa masalia yake machache. Tulidhani tutakuta wazee watano. Tulikuta kanisa limejaa: Wafilipino, Wahindi wa Kerala, Wapolandi, Wanigeria, vijana wa vyuo, na Waingereza wenyewe. Baada ya Misa tulikaribishwa chai, na mama mmoja mzee wa miaka 84 akaja kuketi karibu nasi. Tulimsomea kwa ufupi yale tuliyoyaandika usiku. Alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kisha akatikisa kichwa.

“Mwalimu,” alisema, “umetazama madirisha ya chini tu.”

Tukamwomba atufafanulie. Alisema kwamba nyumba ya wazazi wake iliungua usiku ule wa mwaka 1942, yeye akiwa mtoto wa mwaka mmoja, na kwamba alikua akicheza katika vifusi, ambamo kila kiangazi yalimea maua ya zambarau. Katika siku zake za utoto, alisema, mwenye duka alikaa juu ya duka lake. Muuza nyama alikaa juu ya nyama, muuza mkate juu ya tanuru. Asubuhi walifagia mbele ya mlango kwa sababu ulikuwa mlango wao. Watoto wao ndio waliomhudumia padri altareni. Kisha maduka yakanunuliwa na makampuni ya mbali. Kampuni haihitaji kulala. Ghorofa za juu zikajazwa masanduku, kisha hata masanduku yakaondolewa. “Mji ulianza kufa juu,” alisema, “na wakati huo maduka ya chini yalikuwa yakifanya faida kubwa. Hakuna aliyeandika makala.”

“Na sasa, Mama?”

“Sasa majumba ya maduka makubwa yanageuzwa kuwa nyumba za kukaa. Nafurahi. Lakini nauliza: zitakaliwa na nani? Nina wajukuu sita, waliozaliwa wote hapa. Hakuna hata mmoja awezaye kulipa pango ndani ya ukuta. Mmoja ni mwuguzi wa hospitali, naye huja kazini kwa basi, saa nzima. Wakiwawekea watalii wa siku mbili, au wanafunzi wa miezi tisa, taa zitawaka, naam, lakini nani atamjua jirani yake akiugua?”

Tulitaka kumjibu kwamba mwaka 2023 serikali ya Uingereza iliutengea mji wao karibu pauni milioni 20 ili kutengeneza majengo yake ya kale, maana tulikuwa tumesoma hivyo. Alijua. Alisema fedha hizo ni njema na kuta zinazihitaji. Kisha akatuambia, kama mtu atoaye kazi ya shule: “Kabla hujaondoka, tembea njia kuu saa nne usiku. Hesabu taa, lakini hesabu zile za juu. Na usisahau nyumba ya Eastbridge.”

Nyumba hiyo tulikuwa tumeipita mchana wa Jumamosi, tukaiona kama makumbusho mengine. Iko juu ya daraja la mto Stour, mlango wake hauna fahari, mtu hushuka ngazi kuuingia. Ilijengwa katika karne ya 12, baada ya Becket kuuawa, kuwa malazi ya mahujaji maskini. Chini yake kuna chumba chenye nguzo nzito ambamo walilala sakafuni. Mahujaji walipokoma, nyumba haikufungwa. Ilipewa kazi ya kuwatunza wazee wasio na uwezo, wakaao humo mpaka leo. Wafalme wamepita, abasia imebomolewa, kuna hata shule iliyofunguliwa ndani yake ikafungwa, na wazee wangali wanapika chai yao juu ya mto. Tulirudi pale alasiri, tukasoma maelezo yote polepole. Hatukuona katika njia kuu nzima nyumba nyingine ambayo kwa miaka zaidi ya 800 haijaacha kumlaza mtu asiye na kwao.

Katika Uingereza, mwezi wa saba, jua huchelewa kutua. Ni baada ya saa tatu usiku ndipo giza huingia. Tulingoja. Saa nne tulianza kutembea kutoka mnara wa Mtakatifu George kuelekea Lango la Magharibi, vichwa tumeviinua, hata kijana mmoja akatuuliza kama tumepotea. Njia ile iliyojaa jana yake mchana ilikuwa tupu. Madirisha ya maduka chini yaliwaka yote, hata ya maduka yaliyofungwa, hatujui kwa ajili ya nani. Juu yake ilikuwa giza, safu baada ya safu, madirisha mazuri ya zamani yenye vioo vidogo vidogo, bila pazia. Juu ya Mercery Lane tuliona taa moja. Karibu na maktaba ya mji tuliona mbili, na mtoto amesimama dirishani badala ya kulala. Katika jengo moja lililozungukwa na vyuma vya mafundi hapakuwa na taa bado. Ubao ulitangaza vyumba vya kupangisha, na bei tuliyoisoma ilizidi mshahara wa mwalimu wa kwetu wa mwaka mzima, kwa mwezi mmoja.

Mpaka tunafika darajani tulikuwa tumehesabu taa 11. Tukasimama mbele ya nyumba ya wazee, tukatazama juu. Zilikuwako tatu. Ya kwanza kushoto ilizimwa tulipokuwa tungali tunatazama. Akaonekana mtu akivuta pazia, mkono tu, kisha maji ya mto yakasikika.